Namba Kumi na Sita Yuko Nje ya Ukuta

Alhamisi, 6 Novemba

Daktari anasema tension yangu, yaani presha, inapandishwa na mdomo. Hakutumia maneno hayo. Alisema, "Mama, epuka mabishano," lakini binti yangu Falonne, aliyenisindikiza, alicheka mpaka nesi akamkata jicho. Njiani akaninunulia daftari hili. "Mama, ile yote unataka kugombana na bantu, andika humu." Basi naandika. Mvua ya kwanza imepiga bati mchana kutwa, na tangu asubuhi sijagombana na mtu isipokuwa Falonne.

Leo ilikuwa siku ya Benchi. Sisi ni mashabiki wazee wa AS Nyundo, timu ya mtaa wetu huu wa Kenya, si ile nchi, na kila Alhamisi jioni tunakutana katika atelier ya Papa Nasoro, fundi wa magodoro. Tunakalia magodoro ambayo hayajashonwa upande mmoja. Sheria ya kwanza: hakuna kutaja mastaa. Mastaa wana redio ya kuwataja. Sisi tunawazungumzia wale waliochezea benchi, walioingia watu wakiwa wanatoka, waliopewa jezi iliyobaki. Ukiteleza ukamtaja staa, unakalia ndoo mpaka kikao kiishe. Dédé, taximan mstaafu anayeimba sauti nzito katika kwaya ya parokia, ameikalia ndoo ile mpaka imekubali umbo lake.

Leo tulimfufua, ndivyo tunavyosema, Abdoul Kamba. Aliingia mechi moja tu maishani, akainama kufunga kamba ya kiatu mbele ya goli, mpira ukamgonga mgongoni ukaingia wavuni. Papa Nasoro anaapa kwamba Abdoul aliinuka akauliza nani amefunga. Dédé anasema haukumgonga mgongoni, ulimgonga chini zaidi. Wakabishana hadi adhana ya magharibi. Papa Nasoro alipokwenda kusali akatuonya: "Musibadilishe kitu, nakuya."

Aliporudi akatoa habari. Aprili tunatimiza miaka thelathini tangu kombe la 1996, kombe pekee ambalo Nyundo imewahi kulishika, na komite ya klabu imetupa sisi Benchi heshima ya kuchagua mchezaji wa akiba wa kikosi kile apige mpira wa kwanza wa mechi ya sherehe. Hata sikuwaacha wafikiri. Nikasema, "Rigobert."

Rigobert ni mume wangu. Alikuwa namba kumi na sita. Mimi mwaka ule nilikuwa bado Mitwaba kwa wazazi, sikuiona fainali, lakini tangu uchumba wetu ananiambia aliingia dakika za mwisho.

Papa Nasoro alimwaga chai kwenye godoro la mteja. Dédé alishikwa na kikohozi. Na Mama Amida, dada mdogo wa Papa Nasoro, mwuza vitumbua, akaniuliza kama naona mvua itaendelea kesho. Nikamwambia mvua si mchezaji wa akiba.

Jumapili, 9 Novemba

Tumepigwa mawili kwa bila na Kampemba. Matope mpaka magotini.

Alhamisi, 13 Novemba

Benchi haikukaa. Papa Nasoro anasema godoro lenye chai limemletea maneno na mteja.

Jumapili, 23 Novemba

Tumeshinda. Niandike jinsi tunavyokwenda uwanjani, maana leo nimekasirika na sitaki kumwambia mhusika.

Uwanja wetu una ukuta wa matofali na geti moja. Mashabiki wanapita getini. Wachezaji hapana: Nyundo haijawahi kupita getini tangu baba zetu, inapanda ukuta, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu getini ndiko maadui wanakofukia vitu vyao usiku wa kuamkia mechi. Kila mtu wa Kenya anajua hivyo, hata padri, ambaye siku za mechi hutazama pengine.

Rigobert tunatoka naye nyumbani pamoja, lakini haingii. Miaka yote ya ndoa yetu hajaingia. Anasema watu wengi wanamtia kizunguzungu. Anabaki nje ya ukuta, kwenye benchi la Mama Amida, anakula vitumbua na kusikiliza. Nikitoka ananisimulia mechi niliyoitazama mimi: "Ile kelele ya kwanza ilikuwa corner. Ile ya pili goli lao, ilikuwa fupi. Ile ndefu, refa alikosea." Hakosei hata moja.

Sasa kilichonikasirisha. Mama Amida hamlipishi. Kitumbua cha kwanza cha sufuria, chenye moto, ni cha Rigobert, kila mechi, na leo nimeona amemfunikia kwa kitambaa. Mjane mwenye kitambaa. Nimeandika hapa ili nisiseme.

Alhamisi, 4 Desemba

Tulikuwa na jioni nzuri mpaka nilipofungua mdomo. Tulimfufua Elisée Kesho, winga aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kwenye boulangerie na akaingia uwanjani na unga masikioni. Siku moja alilala kwenye benchi, kocha akamwita mara tatu, akaamka akasema, "Mikate iko tayari." Dédé alicheka mpaka akamtaja kapteni wetu wa zamani kwa bahati mbaya, akaenda kwenye ndoo bila kusindikizwa.

Ndipo nikasema, "Na Rigobert, nani alimwona akiingia kwenye fainali?" Kwa sababu sheria yetu nyingine ni kwamba mchezaji hafufuki bila mashahidi wawili, na ndugu hawahesabiwi. Mimi ni mke, siwezi kushuhudia, tena sikuwepo.

 Papa Nasoro akaanza kutafuta sindano iliyokuwa kinywani mwake. Dédé kutoka kwenye ndoo: "Mama Falonne, bwana yako eko muntu muzuri sana."

"Sikuuliza kama ni mzuri. Niliuliza kama alicheza."

"Muzuri kabisa," akasema Dédé.

Nilirudi nyumbani moyo unaniuma. Rigobert alikuwa amekaa kizingitini anatazama maji yakipita barabarani. Alikuwa fundi mwashi, amejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, na tangu mgongo umsimamishe kazi hakuna anayemtembelea. Akaniuliza, "Mulimufufua nani leo?" Nikamwambia Elisée Kesho. Akatabasamu. "Ah, Elisée." Hajawahi kuuliza kama watamfufua yeye. Ningempiga Dédé na ile ndoo.

Jumapili, 7 Desemba

Penalti dakika ya mwisho. Tumepigwa. Papa Nasoro alinitazama kana kwamba mimi ndiye nimeunawa mpira.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Kuku, wali, mvua. Falonne ameleta mchumba, anaitwa Guelor, anashabikia Kampemba. Sikusema kitu. Tension kumi na mbili, daktari angefurahi.

Alhamisi, 8 Januari

Malaria. Sikwenda Benchi.

Jumapili, 11 Januari

Bado naumwa. Nyundo imeshinda matatu kwa bila, bila mimi. Papa Nasoro ametuma mtu kuniambia nipumzike vizuri, hata mwezi mzima nikitaka.

Alhamisi, 22 Januari

Nimepona, nimekwenda, nimemtaja Rigobert mara mbili. Dédé akafanya ishara ya msalaba. Papa Nasoro, Mwislamu, nusura naye afanye.

Jumapili, 25 Januari

Manne kwa moja. Hata Guelor alinionea huruma, na hilo liliniuma kuliko magoli.

Ijumaa, 6 Februari

Mvua ya usiku imeuangusha ukuta wa uwanja. Si wote, ni kipande cha upande wa barabara, palepale Mama Amida anapokaangia vitumbua. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa pale. Sijaona watu wakilia msiba wa ukuta namna ile. Wachezaji walisimama mbele ya tundu wakiulizana watapita wapi Jumapili: kupita kwenye tundu ni kama kupita getini. Kwa mazoezi ya leo waliishia kuvuta meza, wakapanda meza kuingia mahali ambapo mbuzi alikuwa anapita kwa miguu.

Rigobert alitazama matofali, akayagusa. Akasema polepole, "Huu nitaujenga mimi." Tangu aache kazi sijamsikia akisema "nitajenga". Nikamwambia mgongo je? Akasema mgongo utakuja pamoja naye.

Jumatatu, 23 Februari

Anajenga. Asubuhi anajenga, mchana mvua, kesho yake anaanika matumaini. Anasimama upande wa barabara. Dédé na Papa Nasoro wako upande wa ndani, wanamrushia matofali na kumpitishia ndoo ya saruji juu. Ni ile ndoo ya Benchi.

Nikamwuliza Dédé kwa nini fundi asimame ndani, ambako ardhi ni kavu, na wao vibarua wasimame matopeni. Akasema, "Kule inje njo kuko na hewa."

Jumamosi, 28 Februari

Leo nimegombana. Niandike yote.

Ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Rigobert akashika uzi wa timazi, akainua mguu avuke kwenda kuupima kwa ndani. Papa Nasoro, mzee ambaye akikaa kwenye godoro tunamwinua watu wawili, alikimbia. Alikimbia! Mikono mbele, kofia ikaanguka. "Hapana! Baki kule! Usipite!" Dédé naye akamsukuma Rigobert kifuani, taratibu, kama mtu anayerudisha mlango.

Rigobert akashusha mguu.  Akainama, akachukua mwiko, na nikaona mabega yake yameshuka kama ya mtoto aliyefukuzwa mezani.

Hapo daktari anisamehe. Niliwaambia wote wawili walivyo. Nikawaambia mnajua kumtumia mtu kama punda, akujengeeni ukuta, halafu hastahili hata kukanyaga ndani. Nikawaambia kikosi kizima cha benchi mnakijua, mpaka aliyekuwa na unga masikioni, isipokuwa mtu huyu mmoja. Nikamwambia Dédé hajui kuimba. Watu wa teksi-basi walishuka kusikiliza.

Mama Amida akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya sufuria yake, akanikalisha. Nikamwambia, "Na wewe na kitambaa chako!"

"Kitambaa gani?"

"Cha vitumbua."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama yangu! Mama Falonne, ulikuwa unawaza vile? Ngoja nikuambie. Lakini mi sitamutaja, we utaelewa tu."

Akanisimulia. Siku ya fainali ya 1996 alikuwa msichana, yuko palepale, na beseni la unga wa vitumbua uliokwishaumuka. Nyundo ikaja kupanda ukuta. Wakapita wote. Wa mwisho alikuwa namba kumi na sita, mwenye viatu vipya. Mguu ukateleza juu kabisa.

"Akaangukia upande wangu. Ndani ya beseni. Mwili muzima! Akatoka mweupe, kichwa, macho, namba haionekane. Akakimbia ku geti. Mulinzi akaona kile kintu cheupe kinakuya, akafunga mulango na kufuli, akakimbia yeye mwenyewe. Mechi ikaanza. Ule muntu akarudi, akakaa hapa ku benchi yangu, akasikiliza mpaka mwisho. Tulipofunga akaruka, benchi ikavunjika."

Nyundo ilishinda timu ambayo haikuwa ya kushindwa na Nyundo. Wakamwuliza mzee wao wa dawa imekuwaje. Mzee akafikiri, akauliza kama kila mtu aliingia. Wakamwambia mmoja alianguka nje. Akasema, basi ndiyo hiyo: mabaya yote ya siku ile yalikuwa yamekaa juu ya ukuta, yule mtu akayabeba, akaanguka nayo nje. Msimwingize ndani, yasimfuate. Wala msimtaje kwenye mambo ya mpira, yasisikie mlango umefunguliwa.

"Miaka thelathini?" nikasema.

"Hakuna muntu wa Nyundo hamujue bwana yako. Kitumbua cha kwanza haiko ya mimi, ni ya timu. Banakilipaka bote, kwa zamu."

"Na hakuna hata mmoja aliyemwambia!"

"Tulikuwa tutamuambia namna gani?" akasema Mama Amida, kwa mshangao wa kweli. "Kumuambia njo kumutaja."

Niliangalia kule ukutani. Papa Nasoro alikuwa ameokota kofia yake, anampitishia Rigobert tofali kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkwewe maji ya kunawa. Nimeona hilo mara ngapi na sikuliona?

Dédé akaja, ametahayari. "Mi niko Mukatoliki, Mama Falonne. Siamini mambo ya dawa. Lakini ulimutaja mwezi wa kumi na moja, tukapigwa. Mwezi wa kumi na mbili, tukapigwa. Ukagonjwa, tukashinda tatu. Utasema nini?"

Nikasema anajua kuimba. Ilibidi.

Jumapili, 1 Machi

Nimemwambia Rigobert. Nilisubiri Falonne aende kwenye misa ya pili.

Alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipomaliza akainua macho.

"Balikuwa bananijua?"

"Wote."

"Hata Dédé?"

"Dédé kuliko wote."

Akafuta uso kwa mkono wote. Alikuwa anafikiri wamemkasirikia. Alisema siku ile, baada ya mechi, alirudi getini mara ya pili, amejiosha, akafungiwa tena, akajua hawamtaki. Ndiyo maana hakujaribu tena. Kisha akasema, "Nilikuambia niliingia dakika za mwisho."

"Uliniambia."

"Ulikuwa muzuri sana, Mama Falonne. Na mimi nilikuwa nimeangukia ku bitumbua."

Nilicheka, yeye akalia, halafu tukabadilishana.

Alhamisi, 12 Machi

Benchi. Nilisimama juu ya godoro. Nikasema sitataja mtu. Nikasema kuna mtu fulani anastahili mpira wa kwanza, na nyinyi mnajua, na mimi najua mnajua.

Ikawa vita. Akiingia, mabaya yanaingia naye. Asipoingia, atapigaje mpira? Papa Nasoro alipendekeza padri anyunyize maji ya baraka. Dédé, Mkatoliki, akasema maji ya baraka hayajajaribiwa kwenye ligi. Mmoja akasema tumbebe begani asikanyage. Mwingine akasema hewa ya ndani ni ndani.

Nikasema, "Mpira unaweza kuvuka ukuta?"

Wakatazamana.

"Mpira, mpira wenyewe. Mtu abaki nje."

Papa Nasoro alitoa sindano kinywani. Akasema, "Huyu mama ni kocha."

Alhamisi, 26 Machi

Mvua zinapungua. Ukuta umekwisha. Kila mahali umefika urefu wake wa zamani, ila palepale kwa Mama Amida umepungua mistari mitatu ya matofali. Nilimwuliza fundi. Akasema saruji ilimwishia. Mfuko mzima wa saruji ulikuwa nyuma yake, ameukalia.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Rigobert anapiga mpira uani tangu alfajiri. Amevunja dirisha la jirani na mgongo haujalalamika.

Jumapili, 19 Aprili

Leo sikuingia. Kwa mara ya kwanza nimebaki nje, kwenye benchi la Mama Amida, pamoja na mume wangu. Mbingu safi, barabara imekauka. Alivaa jezi niliyomshonea, kijani, namba mgongoni. Alikula kitumbua kimoja tu. 

Ndani walianza kuita kikosi cha 1996 kwa mikrofoni. Namba moja, jina, makofi. Wengine wako hai, wengine walijibiwa na watoto wao. Abdoul Kamba alipigiwa makofi kuliko kapteni. Kumi na nne. Kumi na tano, Elisée Kesho, na watu wakapiga kelele "Mikate!"

Halafu mikrofoni ikanyamaza.

Nilijua itanyamaza, ndivyo tulivyopanga, lakini sikujua uwanja mzima utanyamaza nayo. Hakuna aliyekohoa. Hakuna kengele ya mwuza maji. Kimya kile kikavuka ukuta kikatufikia pale tulipo, na Rigobert akasimama, akavua kofia, kwa sababu alielewa ni cha kwake. Nililia bila kujificha.

"Kumi na saba," ikasema mikrofoni.

Kichwa cha Dédé kikatokea juu ya ukuta. Akadondosha mpira. "Bwana ya Mama Falonne," akanong'ona, "ni saa yako."

Mara ya kwanza mpira uligonga ukuta ukarudi. Mara ya pili ulipanda juu sana, ukashuka ndani ya beseni la unga la Mama Amida. Mama Amida akaupangusa kwa kile kitambaa, akasema benchi alishamsamehe, lakini unga huu atalipa. Mara ya tatu Rigobert alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara. Motokari zikasimama. Mtu wa pikipiki akazima injini bila kuombwa. Akakimbia, na mgongo wake, na miaka yake, akapiga.

Mpira ukapita pale kwenye mistari mitatu iliyokosekana, ukipukutisha unga, ukapotea.

Kukawa kimya kidogo, cha mpira kuanguka. Kisha kelele ikatoka mle ndani, ikapanda, ikakataa kushuka. Matofali mapya yalitetemeka chini ya kiganja changu. Rigobert alisimama katikati ya barabara, amegeuza sikio, jinsi anavyofanya siku zote.

"Baba Falonne," nikamwuliza, "hiyo ni kelele ya nini?"

Alisikiliza muda mrefu. Alizijua zote, corner, penalti, goli letu, goli lao.

"Hii siijui," akasema. "Sijaisikiaka."